Mahindi yalifika, mapishi yakaachwa Mexico

Kuna ugonjwa unaitwa pelagra. Huusikii mtaani, na tushukuru. Ngozi inababuka ikipigwa na jua, tumbo linaharisha, akili inavurugika, halafu mtu anakufa. Chanzo ni kukosa vitamini B3, yaani niasini.

Mahindi yana niasini, lakini imejifunga ndani na mwili hauipati. Wenyeji wa Mexico walikuwa na dawa ya hiyo tangu zamani: wanachemsha mahindi kwa maji ya chokaa kabla ya kusaga. Wazungu walibeba mbegu, njia ya kupika wakaiacha huko. Kufikia 1735, daktari Gaspar Casal alikuwa anauona ugonjwa huu kwa wakulima maskini wa Uhispania.

Lakini stori inayonikasirisha ni ya kusini mwa Marekani. Familia za mashamba ya pamba zilikuwa zinakula unga wa mahindi, molasi na mafuta ya nguruwe, kila siku. Pelagra ikawamaliza. Madaktari wengi wakasema ni viini. Mwaka 1914 serikali ikamtuma Joseph Goldberger, naye akaona kitu rahisi sana: kwenye hospitali za wagonjwa wa akili, wagonjwa wanaipata, wauguzi hawaipati. Sasa hivyo ni viini gani vinavyoangalia nani ana mshahara?

1915, wafungwa 11 wa shamba la gereza la Rankin, Mississippi, wakakubali kula chakula hicho cha maskini kwa miezi kadhaa ili waachiliwe. Sita wakaugua. Wapinzani bado wakakataa. Basi 1916 Goldberger na wenzake wakajidunga damu ya wagonjwa, wakameza magamba ya ngozi yao, mkojo na kinyesi (ndiyo, umesoma vizuri). Hata mkewe Mary alidungwa damu. Hakuna aliyeugua.

Kwa maoni yangu walijua anasema ukweli. Shida ni kwamba tiba ilikuwa nyama, maziwa na mayai, na hivyo vinataka pesa, na pesa ilikuwa kwa wenye mashamba. Viini havimdai mtu nyongeza ya mshahara. Goldberger alikufa 1929. Niasini ilitambuliwa kuwa ndiyo tiba 1937.

Huku Kenya, tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe niasini. Soma pakiti utaiona. Unga wa kusagisha kwa posho mara nyingi hauongezwi kitu. Ukiula na maharagwe, omena ama maziwa, huna neno. Mimi namfikiria yule anayeula na strungi, leo, kesho na kesho kutwa, wakati huku mtandaoni tunabishana ni vidonge gani vya B vinang'arisha ngozi.