Kuunganisha Kicheza Muziki na Flashi kwenye Redio ya Gari

Kuunganisha kicheza muziki na redio ya gari ni kupeleka sauti ya kifaa cha mkononi, au mafaili yaliyo kwenye flashi, hadi kwenye spika za gari. Njia kongwe ni kaseti ya bandia: haina utepe, bali waya unaochomekwa kwenye kicheza muziki na kichwa cha sumaku kinachoegemea kile cha redio.

Apple ilipotoa iPod mwaka 2001, magari mengi hayakuwa na pa kuichomeka. Mwaka 2004 BMW ilileta adapta iliyomwezesha dereva kubadili nyimbo kwa vitufe vya usukani. Tundu la AUX la milimita 3.5 ni rahisi zaidi, ila hupokea sauti tu.

Kisambaza FM, kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti na kurusha sauti ya kicheza muziki kwa masafa ya redio, kina kisa chake Afrika Mashariki. Redio za magari mengi yaliyotumika kutoka Japani zilitengenezwa kwa masafa ya megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni za huku hufika hadi 108. Kisambaza kikiwekwa kwenye 100, redio hizo hazinasi kitu; kishushwe kati ya 87.5 na 90.

Flashi nayo ina vituko. Redio nyingi husoma mfumo wa FAT32. Iliyofomatiwa kwa NTFS mara nyingi huonekana mbovu. Redio nyingine hazijali alfabeti: hupiga nyimbo kwa mpangilio zilivyonakiliwa, hata taarabu ikafuatwa na injili bila taarifa.