Uasi wa Monmouth, 1685: Nani Walipigana, Nani Walibaki Majumbani

Wanahistoria wa kibwanyenye hupenda kuueleza uasi wa 1685 huko Uingereza kuwa ni ugomvi wa dini: Duke wa Monmouth, Mprotestanti, mtoto wa nje ya ndoa wa Charles wa Pili, dhidi ya baba yake mdogo, James wa Pili, Mkatoliki. Dini ilikuwapo, hilo hatulikatai. Lakini hatuna budi kuuliza: ni akina nani waliomfuata?

Monmouth alitua Lyme tarehe 11 Juni akiwa na watu 82. Baada ya siku chache alikuwa na maelfu: wafuma nguo wa Taunton, mafundi, wakulima wadogo, baadhi yao wakiwa na fyekeo zilizofungwa kwenye miti mirefu. Tamko lake lilidai Bunge kila mwaka na uhuru wa kuabudu, likaliachia Bunge suala la ufalme. Makabaila hawakuja. Basi tarehe 20 Juni, mjini Taunton, alijitangaza mfalme, akitumaini kuwavuta. Yaani aliwapa kisogo waliokuja ili awabembeleze wasiokuja. Nao hawakuja vile vile.

Kule Sedgemoor, usiku wa kuamkia 6 Julai, wapanda farasi wa Lord Grey walitawanyika mapema. Monmouth naye alikimbia kabla mapigano hayajaisha, akawaacha wavuja jasho uwanjani mbele ya mizinga.

Monmouth alikatwa kichwa tarehe 15 Julai. Grey, kabaila, alisamehewa. Kisha Jaji Jeffreys akazunguka Dorchester, Exeter, Taunton na Wells: watu wapatao 300 walinyongwa, na zaidi ya 800 walihukumiwa kupelekwa visiwa vya Karibi kutumikishwa miaka 10. Mfalme aliwagawia wafungwa hao watu wa ikulu yake, nao wakawauza.

Mwaka 1688 wakubwa wenyewe walimchoka James, wakamwita William wa Orange. John Churchill, mmoja wa makamanda wa mfalme pale Sedgemoor, alihamia kwa William, akazidi kupanda cheo. Mabwanyenye huyaita hayo Mapinduzi Matukufu. Labda utukufu wake ni kwamba safari hii wafuma nguo hawakuitwa.

Amri ya kuwaachia huru wafungwa wa Barbados ilitoka 1690. Wenye mashamba ya miwa walilalamika: walikwisha kuwalipia.