Sonata ya Wanaoanza na Kinanda cha Pili

Tarehe 26 Juni 1788, katika mji wa Vienna, Wolfgang Amadeus Mozart alitia katika daftari ya kazi zake sonata ndogo ya kinanda kwa ajili ya wanaoanza kujifunza. Siku hiyo hiyo aliandika humo pia simfoni kubwa, ile ihesabiwayo ya 39. Msomaji asidhani kwamba zilikuwa siku za raha. Mozart alikuwa ameelemewa na madeni, akamwandikia rafiki yake Michael Puchberg, mfanya biashara, kumwomba mkopo. Na siku tatu baadaye binti yake Theresia, mtoto wa miezi sita, alifariki.

Sonata yenyewe haionyeshi majonzi hayo. Mkono wa kuume waimba, na wa kushoto waufuata kwa sauti za chini zipigwazo moja moja. Yaonekana nyepesi, lakini kila mwalimu ajua ya kuwa penye nota chache kosa halina pa kujificha. Mozart alikufa mwaka 1791, nayo sonata haikupigwa chapa hata mwaka 1805.

Ilikuwa imekwisha kupata karibu miaka 90 wakati Edvard Grieg, mtunzi wa Norwei, alipoishughulikia katika miaka ya 1876 na 1877. Maneno ya Mozart aliyaacha kama yalivyo. Akatunga sehemu ya kinanda cha pili, ipigwe pamoja na ile ya kwanza. Kusudi lake hapo mwanzo lilikuwa mafundisho, lakini baadaye kazi hiyo iliingia hata katika kumbi za muziki.

Wako walioilaumu, kwa kuwa mapatano ya sauti za Grieg ni ya zama zake mwenyewe, tena ni mazito kuliko ya Mozart. Nani amempa mtu ruhusa ya kuongeza katika kazi ya marehemu? Swali hilo ni la haki. Lakini yafaa kuuliza kwanza: je, ameondoa nini? Apakaye rangi mpya juu ya picha ya kale huiharibu ya kwanza. Grieg hakufanya hivyo. Kinanda cha pili kikinyamaza, Mozart yupo mzima. Na kikilia, mwanafunzi aliyeketi peke yake hupata mwenzake. Basi mwenye kuongeza tumpime kwanza kwa kile alichokiacha salama.