Akili isiyotulia na meza ya ofisini

Wadau, mkisikia ADHD wengi mnamuwaza mtoto wa darasa la pili anayepanda juu ya dawati. Hata madaktari waliwaza hivyo kwa miaka mingi. Daktari George Still alipotoa mihadhara yake London mwaka 1902, aliongelea watoto. Charles Bradley alipojaribu dawa ya Benzedrine kule Rhode Island mwaka 1937, alijaribu kwa watoto, wengi wakatulia na kushika masomo. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 1968 nao ukasema hali hii kwa kawaida hupungua ujanani.

Sasa mtoto huyo akikua akaajiriwa je? Hapo ndipo naingia mimi. Chumba chetu cha habari kina simu zinazolia, televisheni mbili zinazoongea kwa pamoja na mhariri anayeita majina. Habari ya maneno 400 naweza kuianza mara sita. Niliomba meza ya pembeni, na kazi niwe naelekezwa kwa maandishi. Nikajibiwa kuwa hapa si chekechea. Jibu hilo ndilo lililonifanya nianze kufukua historia.

Miaka ya 1970 kule Utah, Paul Wender na wenzake walianza kuwachunguza watu wazima kwa makini. Mwongozo wa 1980 ukakubali kwamba mabaki ya hali hii huweza kumfuata mtu ukubwani. Kisha Julai 26, 1990, Rais George H. W. Bush akasaini sheria ya Wamarekani wenye ulemavu: mwajiri amrekebishie mfanyakazi mazingira ya kazi, ilimradi mzigo wake usipite kiasi.

Yameisha? Wapi! Mwaka 1999 mapacha wawili wenye macho dhaifu, waliotaka urubani, walishindwa kesi katika Mahakama ya Juu. Majaji walisema ulemavu upimwe mtu akiwa amevaa miwani yake. Haya, ipeleke hesabu hiyo kwa mwenye ADHD: ukimeza dawa ukatulia, wewe si mlemavu, huna cha kudai, usipomeza, kazi haiendi, unafukuzwa. Mtego wa panya hauna akili kiasi hicho.

Bunge lao lilirekebisha sheria mwaka 2008. Nafuu inayoletwa na dawa isitumike kukunyima haki, na kufikiri na kuwa makini vikatajwa waziwazi pamoja na kutembea na kuona. (Miwani ya kawaida bado inahesabiwa, kwa hiyo mapacha wale wasingeokolewa na kifungu hicho.)

Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Wengi wanaijua kwa ile asilimia 3 ya ajira kwa mwajiri mwenye watu 20 na zaidi. Mimi nilisoma tafsiri yake ya ulemavu: imetaja sababu za mwili, za akili, hata za kijamii. Ukurasa huo nimeutoa kopi nikaubana na barua yangu ya pili. Iko kwa mhariri tangu Jumatatu.