Makala na Insha

Makala (nomino, ngeli ya I-ZI au ya YA-YA) ni andiko la nathari linalojadili mada moja, aghalabu katika gazeti au jarida. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kusema, uliozaa pia neno *kauli*. Kwa hiyo *ma-* ni sehemu ya shina, si kiambishi cha wingi. Hata hivyo, *makala hii* na *makala haya* yote hutumika. Muhimu ni kutoyachanganya katika andiko moja.

Insha nayo ni utungo. Shuleni humfikia mtahini, ambaye hana budi kuisoma hadi mwisho. Makala humtafuta msomaji awezaye kuiacha katika aya ya kwanza. Hivyo haitoshi iwe na mpangilio, sharti iwe na kauli. Lakini insha si zoezi la darasani tu: Shaaban Robert (1909–1962) aliziweka bega kwa bega na tungo za kishairi katika *Insha na Mashairi*. Mfasiri amtazame msomaji kabla ya kuchagua neno.

Mfano: *Insha yake ilipata alama nzuri, makala yake ilipata wasomaji.*