Hewa Itoke Kwanza

Aprili, theluji ikishayeyuka jimboni Minnesota, kaskazini mwa Marekani, viwanja vya gofu huwa bado vina rangi ya majani makavu. Wachezaji wanangojea nyasi. Mafundi wa uwanja wanangojea sauti. Pampu ikiwashwa, maji huanza kupenya taratibu katika mabomba yaliyokaa matupu msimu mzima wa baridi, na kwa muda mrefu kinachotoka upande wa pili ni hewa tu: kwanza mluzi, kisha maji ya kutu yanayoruka kwa vipande kama mtu anayekohoa, kisha povu, na mwishowe maji safi yanayotiririka bila kukatika. Hapo fundi hufunga vali na kupanda hadi kituo kinachofuata.

Gofu yenyewe ilikua bila bomba hata moja. Kule St Andrews, Scotland, mchezo ulishika mizizi juu ya mchanga wa pwani, ambako mvua na ukungu vilinywesha nyasi, na kondoo na sungura wakazifupisha. Tom Morris, aliyeutunza uwanja huo kuanzia katikati ya miaka ya 1860, alisifika kwa kumwaga mchanga kwenye grini, yaani ile sehemu ya nyasi fupi kabisa inayozunguka shimo. Maji yalikuwa kazi ya mawingu.

Mchezo ulipovuka Atlantiki ulikutana na kiangazi cha aina nyingine. Kwenye uwanja wa Pinehurst No. 2, North Carolina, uliobuniwa na Mskoti Donald Ross, wachezaji walisukuma mipira juu ya grini za mchanga hadi mwaka 1935, nyasi zilipofaulu kustawishwa. Wanagofu wa Afrika Mashariki hawatashangaa: hata huku vilikuwako viwanja vyenye "brauni", mchanga uliokorogwa na mafuta ili usipeperuke, pale ambapo maji ya kulea nyasi hayakupatikana.

Miaka ya 1920 ndiyo iliyoleta mabomba kwa wingi. Chama cha gofu cha Marekani kilianzisha kitengo chake cha nyasi mwaka 1920, na watunza viwanja wenyewe wakaunda chama chao mjini Toledo, Ohio, mwaka 1926, John Morley akiwa rais wa kwanza. Halafu, mwaka 1933, mkulima wa machungwa wa Glendora, California, Orton Englehardt, akabuni kinyunyizio chenye mkono wa chuma: maji huusukuma kando, springi huurudisha, na kila pigo hukizungusha kichwa hatua ndogo. Jirani zake, Clem na Mary LaFetra, waliigeuza kazi hiyo kuwa kampuni ya Rain Bird. Ule mlio wa tik-tik-tik unaosikika mashambani dunia nzima ulizaliwa kwenye bustani ya machungwa.

Lakini mabomba hayakujifungulia maji. Kwa miongo kadhaa kazi hiyo ilifanywa na mtu wa zamu ya usiku, ambaye historia ya gofu humtaja kwa nadra. Alitembea gizani na vinyunyizio vizito mkononi, akakichomeka kimoja kwenye vali iliyofichwa ardhini, akaangalia saa, akakichomoa, akasogea. Alijua bonde lipi hubaki na tope na kilima kipi hukauka kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu miguu yake ilikuwa imelowa bondeni na kukauka kilimani. Elimu yote hiyo ilikaa kwake, haikuandikwa.

Miaka ya 1960 ilimwondoa. Mabomba mepesi ya plastiki yalishuka bei, na saa za umeme zikaanza kufungua vali zenyewe. Toro, kampuni ya Minneapolis iliyojulikana kwa mashine za kukata nyasi, ilinunua kampuni ya unyunyiziaji ya Moist O'Matic mwaka 1962. Mwaka 1966 mashindano ya Masters ya Augusta yalirushwa kwa televisheni ya rangi, na wanachama wa vilabu vingi wakaanza kudai kijani kilekile nyumbani kwao. Safu moja ya vinyunyizio ikawa mbili, kisha tatu.

Kadiri mtandao ulivyopanuka, ndivyo baridi ilivyopata vya kuvunja. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na mabomba mengi hayavumilii hilo. Huko Minnesota ardhi inaweza kuganda hadi kina cha zaidi ya mita 1, wakati mabomba mengi ya kunyunyizia hulala juu ya hapo. Kwa hiyo kila vuli hukodishwa kompresa kubwa, na maji yote hupulizwa nje.

Ndiyo maana masika ya huko huanza na hewa. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Pampu ikifunguliwa kwa pupa, maji huikimbiza hewa mpaka ikapata upenyo, kisha ghafla yanagonga kona au vali kwa uzito wake wote. Wahandisi huliita pigo hilo nyundo ya maji. Mrusi Nikolay Zhukovsky alilipima mjini Moscow mnamo 1897, alipoombwa aeleze kwa nini mabomba makuu ya jiji yalikuwa yakipasuka. Mafundi wa gofu wanaliheshimu: mfumo unaoruhusiwa kupitisha maji kwa mita 1.5 kwa sekunde wakati wa kazi hujazwa kwa karibu theluthi moja ya mita tu kwa sekunde, vali za mbali na za juu zikiwa wazi. Kompyuta ya ofisini hufungua vali yoyote kwa amri moja, lakini haiwezi kusikia mluzi. Lazima mtu atembee uwanja mzima, kinyunyizio hadi kinyunyizio, kama yule wa usiku alivyotembea.

Mtandao wa mabomba unaweza pia kupunguzwa, na Pinehurst ilifanya jambo la kutia moyo kuanzia mwaka 2010. Bill Coore na Ben Crenshaw, walioitwa kuurudishia uwanja wa Ross sura yake, walitumia picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 1943, na chini ya nyasi wakaufuata mstari wa bomba la kwanza, uliowaonyesha katikati ya kila njia ya kuchezea ilipokuwa. Wakaondoa nyasi nyingi za pembeni na kuacha mchanga na majani ya porini. Vinyunyizio vikapungua kutoka takriban 1,150 hadi 450. Watazamaji wa mashindano ya US Open ya 2014 waliona kingo za kahawia, na katikati ya njia, safu moja ya vinyunyizio pale pale bomba la zamani lilipolala.