Sahani Iliyogeuzwa Mkopo

"Kubebana" ni neno linaloeleweka na kila aliyepata kuishi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwanafunzi mwenye kitanda humpokea mwenzake asiye nacho, wakalala wawili palipokusudiwa mmoja. Wengi huuona hapo ukarimu tu. Mwanahistoria hana budi kuuliza uhitaji huo ulitoka wapi.

Chuo kilipohamia Mlimani mwaka 1964, mwanafunzi hakununua mlo. Aliukuta bwaloni, kwa gharama ya Serikali. Mpango huo ulikuwa na dosari yake: walionufaika walikuwa wachache, ilhali wakulima waliowalipia hawakuwahi kulikanyaga lango la chuo. Oktoba 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao, akiwaona wamesahau deni hilo.

Uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980, Serikali iliamua kugawana gharama na wananchi. Utekelezaji ulianza mwaka 1992 kwa ada ndogondogo. Hatua ya pili ilikuwa nzito zaidi: chakula na malazi vilihamishiwa kwa mwanafunzi, naye akapewa mkopo wa kuvigharimia. Mwaka 2004 ikatungwa sheria ya Bodi ya Mikopo.

Tangu hapo mlo umefuata ratiba ya malipo. "Bumu" likichelewa, mwanafunzi hupunguza milo hadi mmoja kwa siku. Likifika, sehemu yake hulipa madeni ya wiki zilizopita, na pengine nyingine hutumwa nyumbani, kwa mdogo anayedaiwa michango ya shule. Asiyepata mkopo hana hata cha kusubiri.

Uhaba huu si majaaliwa. Mwaka 2017 yalizinduliwa hapo hapo Mlimani mabweni ya wanafunzi 3,840. Nia ilipokuwapo, vitanda vilipatikana.

Tukumbuke pia kwamba mlo huu si sadaka. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Anakilipia chakula kile, hata kama kilimfikia akiwa ameshashinda njaa wiki tatu. Basi bwalo limlishe kwanza tangu siku ya kufungua chuo, na ofisi zimalizane kwa hesabu baadaye. Mwenye kudaiwa mlo ana haki ya kuula kwa wakati wake.